Hatutaki chama hiki wala kile: tufanyeje na kura zetu Marekani?

Kutoka: Houston, Texas

Salaam wana ukumbi. Tanzania mwaka 2020 karatasi ya urais ilikuwa na wagombea 15. Huku mtu anaapa uraia, anajiandikisha, na Novemba anakuta Democratic na Republican, pamoja na wengine wachache anaoambiwa asiwapotezee kura. Mwaka 1992 Ross Perot, mgombea urais asiye wa vyama hivi viwili, alipata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima, lakini kati ya wajumbe 538 wanaomchagua rais hakuambulia hata mmoja. Asiyewataka hawa wawili afanyeje, zaidi ya kukaa nyumbani?

Re: Kutoka: Louisville, Kentucky

Ndugu yangu, ukisubiri Novemba umeshachelewa. Majimbo 48 humpa wajumbe wote mgombea anayeongoza hapo jimboni, hata akiongoza kwa kura moja. Maine na Nebraska tu ndiyo hugawa sehemu ya wajumbe kwa wilaya za bunge. Ndiyo maana wa tatu hutoka mikono mitupu. Uchaguzi wenyewe uko kwenye mchujo, yaani kura za kumpata mgombea wa kila chama kabla ya Novemba. Kaunti nyingi chama kimoja kimejaa kiasi kwamba anayeshinda mchujo wake amekwisha kupita, na watu wanaojitokeza siku hiyo ni wachache. Huko kura moja ina uzito.

Tatizo ni kwamba kila jimbo lina sheria zake. Kwetu Kentucky mchujo ni wa Mei na umefungwa: huchagui mgombea wa chama ambacho hukujiandikisha nacho. Aliyekwisha kujiandikisha akitaka kubadili chama, mwisho ni tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Watu hukumbuka Aprili, wanabadili, kisha wanashangaa kwa nini wamenyimwa karatasi ya chama. Raia mpya anayejiandikisha kwa mara ya kwanza baada ya Desemba bado anaruhusiwa, mradi awahi siku ya mwisho ya kujiandikisha. Aliyejiandika hana chama hupata zile nafasi zisizo za vyama tu, kama majaji.

Wewe wa Texas una nafuu, maana hapo hakuna kujiandikisha kwa chama. Mwezi Machi unafika kituoni na kuomba karatasi ya chama unachotaka. Ila ukishachukua ya Republican, na hakuna aliyevuka nusu ya kura, duru ya pili ya Mei huwezi kuhamia Democratic. Na uwe umejiandikisha siku 30 kabla.

California wana mtego wao: kuna chama kinaitwa American Independent Party. Kwa sababu ya neno "Independent" (huru), wengi hukitia alama wakidhani wamejiandikisha kuwa hawana chama.

Re: Re: Kutoka: Minneapolis, Minnesota

Niongezee hapo. Huku kura za mji, meya na madiwani, ni za kupanga: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana wa zaidi ya nusu, wa mkiani huondolewa na kura zake huenda kwa chaguo linalofuata. Kwa hiyo mgombea mdogo unampa namba moja bila hofu. Makosa ni mawili: kumwandika mtu mmoja safu zote tatu, ambako hakumwongezei chochote, na kuwapa wawili namba moja, ambako nafasi hiyo huharibika.

Lakini utaratibu huu ni wa mji tu. Mchujo wa jimbo wa Agosti karatasi ina safu za vyama. Ukichagua huku na huku, kura zote za sehemu hiyo hazihesabiwi.

Maine nao wanapanga kwa bunge la taifa, ila si kwa gavana Novemba. Kichekesho ni kwamba hasira iliyowafikisha huko ilitokana na ugavana: mwaka 2010 Paul LePage alishinda kwa asilimia 38 hivi.

Re: Re: Re: Kutoka: Houston, Texas

Ahsanteni. Na kuandika kwa mkono kwenye karatasi ya kura jina la mtu nimtakaye ambaye hayumo?

Re: Re: Re: Re: Kutoka: Louisville, Kentucky

Texas huhesabu majina ya waliojisajili kwa njia hiyo tu. Orodha yao hubandikwa kituoni. Ukiandika mwingine, hahesabiwi. Nevada wana mstari wa "hakuna kati ya hawa", lakini hata mstari huo ukiongoza, anayetangazwa ni mtu aliyefuata. Ukitaka kuruka urais, uache wazi. Nafasi nyingine zote zinahesabiwa. Kuhusu kumpigia wa tatu, angalia jimbo lako. Florida mwaka 2000 tofauti kati ya Bush wa Republican na Gore wa Democratic ilikuwa kura 537, na Ralph Nader, mgombea wa chama kidogo, alikuwa na zaidi ya 97,000. Jimbo lisilo na ushindani, piga utakavyo.

Jambo moja kwa wenye grini kadi wanaotusoma: kwenye ofisi ya leseni ya udereva mtaulizwa kama mnataka kujiandikisha kupiga kura. Jibu ni hapana, hata karani akisisitiza. Fomu N-400, ile ya kuomba uraia, huuliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na kufanya hivyo kunaweza kukufukuzisha nchini. Aliyekwisha kutia saini amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma fomu hiyo.