Teke la Nassor: kikundi cha Wajukuu wa Bibi

Mama Nassor, 20:14
Assalaam alaykum jamaa zangu. Kwa msiosikia: jana baada ya Isha nusura Nassor aporwe simu kwenye uchochoro wa Mkunazini. Simu ipo, alhamdulillahi, yule kijana alikimbia aliposikia watu wanakuja. Ila mkono umepata ufa hapo juu ya kifundo. Kafungwa plasta, wiki 6.

Bibi, 20:16
Wa alaykum salaam. Masikini mjukuu wangu. Alimpiga na nini?

Mama Nassor, 20:17
Hakumpiga, mama. Kaanguka mwenyewe. Nassor ndiye alimrushia yule kijana teke la kichwa, la karate, mguu aliosimamia ukateleza. Mawe yamerowa mvua na yeye kavaa ndara. Miye nshasema karate basi.

Nassor, 20:19
Shkamoo Bibi. Mama nisikilize kwanza. Teke lile nalipata kila siku mazoezini, hata walionizidi mkanda nawapata nalo. Jana nlikosa kidogo tu

Bibi, 20:19
Marahaba babu.

Khalati Zuwena, 20:21
Pole mwanangu. Lakini karate ya nini, kama siku unayoihitaji ndiyo inakuangusha?

Ami Khamis, 20:27
Shemeji pole sana. Nakuomba usimtoe mtoto karate kabla hujanisikiliza.
Nassor hadanganyi. Teke lake la juu ni zuri, nimeliona kwa macho yangu. Mashindanoni teke la kichwa linalipa kuliko ngumi au teke la mwili: kwa sheria za WKF, shirikisho la karate la dunia, ngumi ni pointi 1, teke la mwili 2, teke la kichwa 3. Watu wazima wanacheza dakika 3, juu ya tatami, yaani mkeka wa mchezo, ya mita 8 kwa 8, kavu, bila viatu. Ukikosa ukaanguka, mwamuzi anasema yame, yaani simameni, mnaanza upya. Kijana yeyote mwenye akili atalitafuta teke hilo, na mwalimu wake atamfundisha, na ni haki yake.
Jana hakukuwa na wa kusema yame.

Ami Khamis, 20:31
Sasa uangalie mguu wenyewe. Teke la duara likipanda kichwani, goti linanyanyuka, nyonga inageuka, na wakati huo huo ule mguu uliobaki chini lazima uzunguke mpaka kisigino kielekee kwa unayempiga. Usipozunguka, goti lako ndilo linaloumia. Kwenye tatami unyayo unazunguka bila shida. Ukiwa na ndara, unyayo unazunguka ndani ya ndara. Na chini kukiwa na maji na ukoga, ndara nayo inaondoka. Hapo uzito wote uko juu ya mguu mmoja, kiwiliwili kimelala nyuma, mikono imeshafunguka. Mtu anaanguka bila hata kuguswa. Na yule angekuwa mzoefu angeudaka huo mguu wa juu, akakupiga ngwala wa chini, ukaangukia kisogo. Mkono ni afadhali, wallahi nasema kwa uchungu.

Mama Nassor, 20:32
Ya Rabbi

Nassor, 20:35
Ami, lakini kwenye UFC, yale mapigano ya ngumi, mateke na mieleka, Leon Edwards alimpiga Kamaru Usman teke la kichwa mwezi wa 8 mwaka 2022. Raundi ya 5, anashindwa kwa pointi, imebaki chini ya dakika moja. Usman akalala pale pale, na alikuwa bingwa. Kama teke la juu halifai, lilimpataje?

Ami Khamis, 20:40
Suali zuri. Itizame tena ile video, polepole. Kabla ya mguu kuna mkono. Edwards aliutanguliza mkono wa kushoto, Usman akaushughulikia mkono, na mguu wa kushoto ukaja nyuma ya mkono ule ule akiwa hauoni. Kabla ya hapo raundi 4 nzima walikuwa wanasomana. Wewe jana ulimsoma yule kijana kwa muda gani? Na mkono wako wa mbele ulikuwa unafanya nini?

Nassor, 20:41
Umeshika simu

Ami Khamis, 20:41
Basi.

Baba Salma, 20:46
Hata mashindanoni kwenyewe linataka adabu. Nakumbuka Olimpiki ya Tokyo, 7 Agosti 2021, fainali ya wanaume wa zaidi ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia anaongoza 4-1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Akarusha teke la juu, likatua kwa nguvu, Ganjzadeh akatolewa kwa machela. Waamuzi wakamtoa Hamedi kwa kuzidisha nguvu, dhahabu ikaenda Iran. Anaongoza! Nlimuonea huruma sana kijana yule.

Ami Khamis, 20:52
Naam. Kila mchezo sheria zake ndizo zinazoamua teke gani litapigwa. Kyokushin, mtindo mmoja wa karate, wanakataza ngumi ya uso lakini wanaruhusu teke la kichwa. Basi mikono inashuka kukinga mbavu na kifua, na teke la juu linapata njia. Ukirudi kwenye kata, ile mifululizo ya mapigo ya kukariri, za zamani za Okinawa ilikozaliwa karate, mateke mengi hayavuki kiuno. Na wazee wale hawakuwa na nyonga ngumu.

Khalati Zuwena, 20:53
Kwa hivyo angefanya nini, ami yake? Asimame tu aporwe?

Ami Khamis, 20:58
Ampe simu. Kwanza hilo, na nalisema mbele ya wote. Angalikuwa na kisu leo tusingeandikiana hivi.
Akibanwa ukutani, hana pa kupita, hapo ndipo apige: chini. Goti au muundi. Teke la mbele, fupi, goti likinyanyuka kidogo tu, kwa kisigino. Mguu wako tayari uko karibu na muundi wake, hauna safari ndefu, na ukikosa bado umesimama kwa miguu yako. Kisha akimbie kuelekea Darajani kwenye watu na taa.
Na mazoezi ya teke la juu aendelee nayo. Nyonga iliyozoea kufika kichwani, ikiteremka gotini inafika haraka na bila kuyumba.

Salma, 21:02
Ami shkamoo. Na mimi je? Natoka tuisheni Magharibi imeshaingia na nimevaa buibui

Ami Khamis, 21:06
Marahaba binti yangu. Wewe ndiye nlikuwa nakufikiria kuliko wote. Buibui halitaruhusu goti kupanda, kwa hivyo teke la juu kwako halipo kabisa ukiwa njiani, na wala hulihitaji. Piga ukelele kwanza, mkubwa. Akikushika mkono, mkanyage unyayo kwa kisigino cha kiatu au mpige muundini, na uuzungushe mkono utokee upande wa dole gumba lake, maana hapo ndipo anaposhika kwa udhaifu. Mara mia kila jioni, mpaka usiwe unafikiri. Na usipite uchochoroni peke yako, mngojee kaka yako.

Salma, 21:07
In sha Allah ami

Mama Nassor, 21:10
Mwalimu wake mbona haya hakumwambia? Miaka 3 namlipia.

Ami Khamis, 21:13
Anamtayarisha kwa mashindano, shemeji, na hilo kalifanya vizuri. Haya ya njiani ni letu sisi watu wa nyumbani, na miye nimechelewa. Niwie radhi.

Mama Nassor, 21:15
Plasta ikitoka atarudi. Lakini ukiwepo wewe.

Ami Khamis, 21:17
Nitakuwepo. Nassor, kesho baada ya Alasiri njoo kwa Bibi na ndara zile zile za jana. Wewe utakaa barazani, usiguse kitu. Nitamwaga maji uani, nizivae miye, nipige teke la juu kisha la chini, huku Salma kanishika mkono. Uitizame miguu yangu tu.

Bibi, 21:18
Ndoo ipo chini ya mfereji. Nitaweka chai.