Vipokea sauti vya safarini: Bluetooth au waya?

Swali: Nasikiliza muziki kwenye basi na nikitembea. Simu haina tundu la hedifoni, na faili zangu ni FLAC (muziki uliobanwa bila kupoteza ubora). Nichukue vya Bluetooth, au vya waya pamoja na kigeuzi cha USB-C?

Jibu 1: Kwenye basi kelele ina madhara zaidi kuliko kodeki (njia ya kubana sauti ili irushwe kwa Bluetooth). Chukua vya kuingia ndani ya sikio, kisha jaribu vipira vyote vilivyo kwenye boksi. Kipira kikiwa kidogo, hewa huvuja na besi hupotea kabisa, halafu mtu analaumu kifaa bure! Hata sikio la kulia na la kushoto huweza kutaka saizi tofauti.

Jibu 2: FLAC ya ubora wa CD, ikishafunguliwa, ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. LDAC, kodeki mojawapo ya Bluetooth, hufika 990, kwa hiyo itapunguza data. iPhone haina LDAC, hutumia kodeki ya AAC. Sauti ikikatikakatika penye watu wengi, shusha LDAC hadi 660.

Jibu 3: Ukiamua waya, hakikisha kigeuzi kina DAC ndani, yaani chipu inayogeuza data kuwa sauti. Visivyo nayo hufanya kazi kwa simu chache tu. Kwingine ni kimya. Vipokea sauti vya omu 16 hadi 32 (kipimo cha ukinzani wa umeme) huendeshwa vizuri na kigeuzi kidogo, ila vya omu 300 mara nyingi hutaka ampu (kikuza sauti). Na tafadhali, chagua waya unaochomoka: hukatikia karibu na plagi, na hapo unabadilisha waya peke yake.

Muulizaji: Nikivuka barabara je?

Jibu 1: Washa hali ya kupitisha sauti za nje, au toa kimoja.