Mesa kufuta madreva ya kadi kuukuu: walikuwa na haki?

FundiWaMeza (mleta mada)

Wakuu, habari za muda.

Nina meza ya ufundi Kariakoo. Tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, mteja wa aina moja haniishi. Anakuja na kompyuta ya mitumba iliyotoka ofisi fulani Ulaya, nzima kabisa, hata herufi za kibodi hazijafutika. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Yeye ana kizazi cha tatu. Namwekea Linux, anaondoka anacheka.

Sasa kilichonileta. Mwaka 2024 niliitwa kwenye maabara ya shule moja. Pentium 4 kumi na mbili, kila moja ina kadi ya Radeon 9250. Watoto wanajifunza kuchapa, wakimaliza wanaruhusiwa Extreme Tux Racer, ule mchezo wa pengwini anayeteleza kwenye theluji. Nikapandisha Linux yao toleo moja mbele, nikarudi nyumbani nimejiridhisha. Jumatatu napigiwa simu: pengwini amelemaa. Nafika, kweli, pengwini yuko hapa, unahesabu moja, mbili, yuko pale. Feni kumi na mbili zinavuma kama mashine ya kusaga. Nikaandika `glxinfo -B`, amri inayokuonyesha nani anachora. Mahali ambapo zamani palisomeka R200, sasa panasomeka llvmpipe.

Kwa asiyejua: programu ya Linux inayotaka kuchora, iwe gemu au kivinjari, haiongei na kadi moja kwa moja. Inaomba kwa lugha ya OpenGL au Vulkan, na maktaba iitwayo Mesa ndiyo mkalimani. Aliianzisha Brian Paul mwaka 1993, ikatoka hadharani 1995, ni programu huria yenye leseni ya MIT. Ndani yake kila familia ya chipu ina dreva wake (si wa daladala). Akikosekana dreva, Mesa inaangukia llvmpipe, yaani prosesa kuu inachora kila nukta yenyewe huku kadi imekaa inatazama. Kwenye prosesa ya leo unaweza usigundue. Kwenye Pentium 4 ni adhabu.

Kumbe Desemba 2021 watunzaji wa Mesa walifuta madreva yote ya mtindo wa zamani (wao wanauita classic): r100 na r200 za Radeon, ya NVIDIA za kale kabisa, na i915 na i965 za Intel. Toleo 22.0 likatoka Machi 2022 bila hayo.

Hoja yangu ni hii. Msimbo ule ulikuwa umekaa pembeni, hauli, hauombi maji. Unafaa mashine ambazo kwao ni taka na kwetu bado ni maabara. Programu huria si ndiyo iliyotuahidi kwamba mashine haifi mpaka mwenyewe uamue? Karibuni, ila tusitukanane.

Msimbo_Mkavu

Mkuu, hapo kwenye "hauli, hauombi maji" ndipo ulipojikwaa. Nimewahi kupeleka viraka viwili Mesa, vidogo tu, lakini vilinionyesha ndani kukoje.

Madreva yale ya zamani kila moja liliingia moyoni mwa Mesa kwa mlango wake. Mwaka 2008 kampuni ya Tungsten Graphics ilileta Gallium, mpango ambao dreva linaandika sehemu inayohusu chipu yake tu, mengine yote ni ya pamoja. Miaka ikaenda, karibu wote wakahamia Gallium, wakabaki wachache wa mlango wa zamani. Matokeo yake, ukitaka kubadilisha jambo la katikati, tuseme namna data ya pembetatu inavyopokelewa kutoka kwenye programu, unabadilisha mara mbili. Mara ya pili unabadilisha gizani, maana huna ile kadi, na hakuna anayekupa jibu kama umeivunja.

Walipofuta njia ya zamani waliondoa tabaka zima lililokuwa katikati, na kazi ya prosesa kwa kila amri ya kuchora ikapungua. Nani anafaidi prosesa ikipumzika? Mwenye mashine dhaifu. Hao wateja wako wa kizazi cha tatu wamo.

Pili, umewachanganya waliofiwa na waliohamishwa. i965 ilifutwa, lakini chipu zake hazikuachwa. Kuanzia Broadwell (kizazi cha tano) kwenda juu zinabebwa na dreva liitwalo iris. Za nyuma yake, kuanzia zile za enzi ya Core 2 Duo hadi Haswell (kizazi cha nne), Dave Airlie aliziandikia dreva jipya, crocus, lililoingia mwaka huohuo wa 2021. Hata vijilaptopu vya Atom vyenye GMA 950 vina i915g. Waliofiwa kweli ni r100, r200, NVIDIA za kabla ya GeForce FX, na Intel za kabla ya familia hiyo ya GMA.

Na hata hao hawakuzikwa. Msimbo uliwekwa kwenye tawi linaloitwa Amber. Debian na Ubuntu walilifungasha kwa jina la libgl1-amber-dri, linakaa sambamba na Mesa mpya. Ulilijaribu?

Zege_Halilali

Pentium 4 mwaka 2024? Mkuu umepiga hesabu ya LUKU?

FundiWaMeza

@Zege_Halilali nimepiga. LUKU inalipwa kidogo kidogo, kompyuta mpya kumi na mbili zinalipwa siku moja. Mwalimu mkuu ana hiyo ya kwanza, ya pili hana.

@Msimbo_Mkavu Amber sikuijua. Nakubali kwa aibu. Nakwenda kuijaribu, nitaleta majibu. Ila jiulize: nina miaka kumi na tatu kwenye kazi hii na sikuijua. Ningeijulia wapi?

Mwalimu wa Picha

Nafundisha vijana uhuishaji hapa Nairobi, na mnagombana na mtu asiye na hatia. Mesa imekuwa mpole kwetu. Anayetufungia mlango yuko ghorofa ya juu.

Darasa langu lina kompyuta za mezani za Ivy Bridge, kizazi cha tatu kama za wateja wako. Kwa hizo Mesa inatoa OpenGL hadi 4.2, na kwa chipu ile hapo ndipo mwisho. Blender, programu tunayofanyia uhuishaji wa 3D, toleo 3.6 ilitaka 3.3 tu, tukafanya kazi vizuri. Blender 4.0 ilipotoka Novemba 2023 ikapandisha sharti hadi 4.3. Namba moja baada ya nukta, darasa zima nje!

Kuna kichekesho ndani yake. Ukiilazimisha mashine itumie llvmpipe, Blender 4 inafunguka, kwa sababu llvmpipe inatoa OpenGL 4.5. Yaani prosesa inakubali kazi ambayo chipu ya michoro imeikataa. Kijana mmoja alijaribu, akazungusha mche mmoja wa mstatili, akaenda kunywa chai. Tumebaki 3.6, na kila video mpya ya mafunzo wanayoifuata inaonyesha vitufe wasivyonavyo.

Kwa hiyo hata Mesa ingebeba kila kadi tangu Nuhu, wenye programu wangeendelea kupandisha ngazi.

Msimbo_Mkavu

Na siwalaumu Blender pia. OpenGL 4.3 ndiyo iliyoleta compute shader, yaani kuipa kadi hesabu ya jumla isiyo ya kuchora. Bila hiyo unaandika kila kitu njia mbili. Tumerudi palepale.

BintiShangani

Jamani, mbona hakuna anayetaja pesa?

Mesa inakaa kwenye seva za freedesktop.org. Mwaka 2020 X.Org Foundation, wanaosimamia gharama hizo, walitoa tahadhari kwamba bili ya mwaka ilikuwa inaelekea dola 75,000, na mlaji mkubwa ni majaribio ya kujiendesha: kila badiliko linajengwa na kujaribiwa kabla ya kuingia. Walisema wazi kwamba huenda wakalazimika kuyazima. Mwaka 2025 tena, seva walizokuwa wanapewa bure na Equinix zikafika mwisho, ikabidi wahamie Hetzner na kulipa. Hii ndiyo nyumba inayobeba michoro ya karibu kila Linux duniani, nayo inahangaika na kodi ya pango.

Kwenye mazingira hayo nani anasikilizwa? Valve analipa watu waandike dreva la Vulkan la Radeon kwa sababu anauza Steam Deck, kikompyuta cha mkononi cha gemu chenye chipu ya AMD, wenye Radeon. Dreva hilo, RADV, lilianzishwa mwaka 2016 na watu wasio wa AMD, likawa zuri mpaka mwaka 2025 AMD wenyewe wakaacha la kwao wakalikumbatia hilo. Hongera zao. Lakini nani anauza kitu chenye Radeon 9250? Sisi tunaingia kwa mlango wa nyuma, tunakula, tunalalamika chumvi. Sisemi tunyamaze. Nasema tujue tumekaa kiti gani.

Zege_Halilali

Na mkumbuke kisa cha xz, ile programu huria ya kubana mafaili, kilichofichuka 2024. Mtunzaji mmoja, amechoka, akaunti zisizojulikana zinamsukuma "mbona huna kasi", akamkabidhi funguo aliyejifanya msaidizi, kumbe anatega mlango wa siri. Kelele zetu si bure, zina bei.

Mwalimu wa Picha

Mfano mzuri, mahali pabaya. Mesa si mtu mmoja, ina makampuni na wajitoleaji kibao. Na FundiWaMeza hajamsukuma mtu, ameuliza swali kwa Kiswahili ambalo hakuna mtunzaji hata mmoja atalisoma. Hilo nalo ni tatizo la upande wa pili.

FundiWaMeza

Nimerudi. Jumamosi nilikuwa shuleni.

Amber imekubali. Kwenye mashine ya kwanza nilihangaika karibu saa nzima kwa sababu Mesa mpya ilikuwa inawahi mbele, ikabidi niielekeze kwa mkono. Zilizofuata ni dakika chache kila moja. Kumi na moja zimeandika R200 na pengwini amerudi kuteleza. Ya kumi na mbili ina kapasita zilizovimba, hiyo si kesi ya Mesa.

Kwa hiyo nafuta nusu ya hoja yangu. Kuondoa msimbo kwenye mti mkuu na kuuhifadhi tawini, sawa, nimeelewa. Nusu nyingine naishikilia. Toleo jipya linapoingia na kadi yangu haina dreva tena, mashine inaijua kadi ile kwa namba, maana namba ziko hapo. Inaangukia llvmpipe kimyakimya. Mstari mmoja tu ungenitosha: "Dreva la kadi hii limehamia Amber." Kwenye mafeni yale kumi na mbili hapakuwa na ujumbe hata mmoja.

Msiniambie maelezo ya toleo. Niliyasoma baadaye. Neno classic lipo. Neno Radeon 9250 halipo.

Msimbo_Mkavu

Hilo la ujumbe nakuunga mkono mia kwa mia. Lakini nikuulize jambo. Dreva la r300, la Radeon zilizoanza 2002, kadi zenye karibu umri sawa na za shule yako, limo ndani ya Mesa mpaka leo na linaendelea kurekebishwa. Unajua tofauti yake na r200? Lilihamia Gallium mapema, sawa, lakini pia lina watu wenye kadi zile mezani wanaoandika: toleo hili limevunjika, lile lilikuwa zima, badiliko lililovunja ni hili hapa.

Wewe mashine kuukuu zinapita mikononi mwako kila wiki, aina ambazo watunzaji wa Ulaya na Marekani wanazitafuta mtandaoni na kulipa usafiri. Umewahi kuripoti kasoro hata moja?

FundiWaMeza

Sijawahi.

Na ninayo moja. HP EliteBook 8460p, Sandy Bridge (kizazi cha pili), ya mteja aliyeiacha hapa akapotea. Tangu nilipoipandisha toleo, kivuli cha madirisha kinacheza upande wa kushoto wa kioo, mistari myembamba kama mkeka uliofumuka. Nikirudisha toleo la nyuma, inatulia. Nilidhani ni kioo, nikabadilisha hadi kebo.

Msimbo_Mkavu

Hiyo ni dhahabu, usiiguse! Toleo zima na toleo bovu unayajua, basi kazi imebaki kukata katikati. Chukua badiliko lililo katikati ya hayo mawili, jenga Mesa, tazama kioo. Kama mistari ipo, kosa liko nusu ya nyuma. Kama haipo, nusu ya mbele. Unakata tena. Mabadiliko elfu mbili yanaisha kwa raundi kumi na moja hivi. Usijenge kwenye 8460p yenyewe utazeeka, jenga kwenye mashine yenye nguvu, na ujenge dreva la crocus peke yake. Ukilipata badiliko, Kiingereza nitakusaidia, maelezo ni aya moja.

BintiShangani

Na mteja akirudi katikati ya raundi ya sita?

FundiWaMeza

Atasubiri, amenisubirisha miezi minne.

Nimeiwasha. `Mesa Intel(R) HD Graphics 3000 (SNB GT2)`. Mistari ipo, nimeipiga picha kwa simu. Raundi ya kwanza inajengwa, asilimia kumi na nane.