Mrejesho: leza na ndevu zangu za kidevuni

Wadau, mimi ndiye yule dada niliyeuliza kama leza inaweza kuondoa ndevu za kidevuni bila kuunguza ngozi nyeusi. Nimeshamaliza vipindi vinne.

Mlioniambia niulizie mashine ya Nd:YAG, aina mojawapo ya leza, asanteni sana. Mwanga wake wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 hupenya chini zaidi na haunaswi sana na rangi ya ngozi ya juu, hivyo joto huishia kwenye shina la unywele. Maumivu? Ni kama kuchapwa na rababendi, ta, ta, ta. Juu ya mdomo machozi yalinitoka yenyewe. Vipele vidogo vilijitokeza, kesho yake vikawa vimepotea.

Kilichonitisha ni wiki ya pili: ndevu zikachomoza tena, nikajua nimeliwa. Kumbe zimekufa, zinasukumwa nje! Nikijifuta uso, zinabaki kwenye taulo.

Narudi kila baada ya wiki sita, kwa sababu leza hukamata zile zilizo kwenye hatua ya kukua tu. Katikati nanyoa kwa wembe, sing'oi. Mvi zangu mbili ziko palepale, hazina rangi ya kunasa mwanga. Hizo ni za kibano.