Maiki ya sauti kali ya roki kwa studio ya chumbani: SM58, Rode NT1 au SM7B?

RifuLaFuoni:
Assalaam aleykum jamani. Tuna bendi ya roki hapa Unguja. Gitaa, besi na ngoma tushazimaliza, limebaki koo. Mwimbaji wetu ubeti anaimba chini kabisa, karibu na kunong'ona, kikifika kiitikio anapiga ukelele wa kifua kizima, na mwisho wa wimbo ananguruma. Chumba ni cha kawaida: kuta za matofali, sakafu ya vigae, juu bati. Daladala zinapita karibu na msikiti hauko mbali.

Ninayo saundi kadi ya Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu na laptopu. Fedha inatosha kununua kitu kimoja cha maana. Nimebaki na njia tatu: Shure SM58, Rode NT1, au SM7B. Hii ya mwisho kila ninapopita naambiwa bila Cloudlifter (kidude cha kuikuza sauti ya maiki kabla haijafika kwenye saundi kadi) haisikiki, kwa hivyo bei inaongezeka tena. Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi?

Mpakasauti:
Waaleykum salaam. NT1 bila ya kufikiria. Ni kondensa, yaani maiki inayotaka umeme na kunasa hata vidogo, inatoa zile sauti nyembamba za juu ambazo dainamiki, kama SM58 na SM7B, hazina, na kelele yake yenyewe ni ndogo mno. Ule ubeti wa kunong'ona utausikia mpaka mate. Ati mtu akipiga kelele kondensa inakufa, hayo ni maneno ya vijiweni. NT1 inabeba zaidi ya desibeli 130.

BiKinanda:
Mpakasauti, mate atayasikia, na daladala ataisikia, na jirani anayekaanga samaki atamsikia pia. Mimi narekodi taarabu, na kwa udi na fidla kondensa siiachi. Lakini mwanangu huyu kasema vigae na bati. Mtu akipiga ukelele kwenye chumba kama hicho, sauti inagonga ukuta na kurudi kwenye maiki kwa nguvu. Halafu unaweka kompresa, na kazi ya kompresa ni kushusha sauti kubwa ili ndogo zipate kusikika, kwa hivyo ule mwangwi wa chumba unapanda mbele kabisa. Kuutoa tena hapo ni kazi ngumu, hata uwe na plagini (programu ya kurekebisha sauti) gani.

Kabla ya maiki, funua godoro ulisimamishe nyuma ya mwimbaji, si mbele yake. Maiki inamtazama yeye, kwa hivyo ukuta ulio nyuma ya kichwa chake ndio inaouona. Chini tandika zulia zito. Mkeka hausaidii kitu, ni mwembamba.

GeiniMan:
Suala la SM7B na Cloudlifter linasemwa kila siku na halielezwi, basi niliseme kwa hesabu.

SM7B inatoa milivolti 1.12 kwa shinikizo la paskali moja, yaani desibeli 94. Hiyo ni sauti ndogo, kweli. Wanaosema inataka geini, yaani kukuzwa, ya desibeli 60 hawadanganyi, lakini wao ni watu wa podikasti, wanazungumza kama tunavyozungumza barazani. Mwimbaji wa sauti kali aliyezoea, mdomo ukiwa sentimita chache kutoka kwenye maiki, anapita desibeli 110 kirahisi. Kila desibeli anayoongeza kooni ni desibeli unayopunguza kwenye kitufe cha geini. Scarlett ya kizazi cha tatu ina geini ya desibeli 56. Kwenye kiitikio cha huyu bwana hutaimaliza.

Cloudlifter inaongeza kama desibeli 25. Kwa ukelele, unakuza kitu ambacho tayari ni kikubwa, kisha unapunguza tena. Wallahi ni fedha ya bure. Injinia wa sauti Bruce Swedien alimrekodi Michael Jackson kwa SM7 mapema miaka ya 1980, na hakikuwepo kidude hicho (ingawa meza za studio zao zilikuwa na geini ya kutosha na zaidi).

Upande wa NT1 hesabu inageuka. Maiki yenyewe haipasuki, Mpakasauti kasema kweli. Lakini inatoa umeme mwingi zaidi ya mara 20 kuliko SM7B. Mtu akipiga ukelele karibu yake, hata geini ikiwa sifuri, unakaribia kikomo cha saundi kadi, na kinachopasuka ni preampu, kile kikuza sauti kilicho ndani ya kadi. Ukimrudisha mwimbaji nyuma ili kuokoa hilo, ndipo ule mwangwi wa chumba aliousema BiKinanda unapoingia.

RifuLaFuoni:
Nimekufahamu GeiniMan. Lakini ubeti je? Pale anaponong'ona si ndiyo ile hesabu ya podikasti?

GeiniMan:
Ndiyo. Kwa hivyo usirekodi wimbo mzima kwa mpigo mmoja. Ubeti uwe na traki yake na geini yake, kiitikio traki nyingine, mngurumo traki nyingine. Rekodi biti 24, vilele viwe karibu na desibeli -12 kwenye mita ya programu, usikimbilie taa nyekundu. Kwenye kiitikio rekodi mara mbili na ya pili iweke chini kidogo. Roki ya sasa ukuta ule wa sauti unaousikia si maiki ya ghali, ni mtu mmoja kaimba kitu kile kile mara kadhaa akakipanga.

WeteNzito:
Naongeza la Pemba, maana nyinyi wa Unguja mnazungumza kama umeme haukatiki. Chomoa chaja. Rekodi laptopu ikiwa kwenye betri, saundi kadi inakula umeme wa USB hiyo hiyo. Ule mvumo wa umeme wa hezi 50 mara nyingi unapita kwenye waya wa ardhi wa chaja, unapotea hapo hapo.

La pili, unyevu. Msimu wa masika kondensa ikiachwa nje inaanza kutoa milio midogo midogo kama mafuta ya moto, kwa sababu maji yameshika kwenye kapsuli. Mwenye nayo aiweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu. SM58 ukiisahau kwenye dau, ukiirudia ipo.

Mpakasauti:
Haya, kwa chumba hicho nashusha bendera. Lakini SM58 kwa ukelele inauma sikio. Imeinuliwa kuanzia kilohezi 2 kwenda juu, na koo la mtu anayepiga kelele limejaa huko huko. SM7B imenyooka zaidi, na nyuma ina swichi mbili, moja ya kukata besi na nyingine ya kuinua sauti za kati.

GeiniMan:
Hilo sina ubishi. Ila tazama bei: SM7B ni karibu mara nne ya SM58. Ile tofauti ya sauti unaipunguza kwa EQ (kirekebisha toni) ukishusha kidogo kati ya kilohezi 3 na 5, na fedha iliyobaki inanunua godoro, zulia, stendi nzito na popu filta (kitambaa cha kuzuia pumzi ya mdomo). Fedha ikiwepo kweli, SM7B peke yake, bila Cloudlifter. SM7dB ya 2023 ina kikuza ndani, lakini hapo unalipia desibeli usizozihitaji.

Kompresa tumia plagini ya aina ya 1176, ile mashine ya 1967. Inakamata haraka sana, na kwa sauti kali ndiyo raha yake. Uwiano 4 kwa 1, baadaye nyingine ya polepole juu yake.

BiKinanda:
Na mwambieni asiishike maiki kwa kiganja kizima kama wanavyofanya jukwaani. Ukiziba wavu, inaanza kusikia pande zote na sauti inakuwa ya ndani ya pipa. Iwe kwenye stendi.

WeteNzito:
Tunaambiwa kila siku Freddie Mercury kazaliwa Mji Mkongwe, 1946, watalii wanapigwa picha mlangoni. Hebu tafuta chumba cha kufanyia mazoezi ya roki hapo uone.

RifuLaFuoni:
😂 Kweli yakhe. Basi nachukua SM58, na godoro la dada litasimama. Kuna mtu Dar anauza kwa bei ya chini sana, atanitumia kwa boti. Wasiwasi wangu ni feki.

GeiniMan:
Bei ya chini sana, jibu umeshajipa. SM58 ya kweli ina uzito wa gramu 298, za bandia nyingi ni nyepesi. Mwambie aipige picha ikiwa juu ya mizani. Akikataa, muache. Ikifika, ipime tena Darajani kwa muuza karafuu yeyote, mizani zao hazikosei gramu. Halafu tuma faili moja la kiitikio hapa, ghafi, bila kompresa.