Paka wangu amemeza uzi wa kufumia

Jamani, naomba msaada. Nilikuwa nafuma kitambaa cha meza, nikainuka kidogo kumwagilia nyanya. Kurudi, nakuta uzi mwekundu, ncha ya urefu wa kidole inaning'inia mdomoni mwake. Niuvute?

Jibu: Usiuvute hata kidogo! Huenda umejizungusha chini ya ulimi, na ukivuta unaweza kumchana utumbo. Mkimbize kwa daktari wa mifugo sasa hivi.

Jibu: Na usimpe chakula, huenda akahitaji dawa ya usingizi. Wangu alipasuliwa, akapona. Tangu siku ile nyuzi zangu zinalala kwenye ndoo yenye kifuniko.

Mwenye swali: Asanteni mno. Kweli ulikuwa umenasa chini ya ulimi. Daktari ameutoa wote. Sasa kalala mapajani mwangu, anakoroma.