Pikapu ya kampuni ikilala kwangu Mtwapa, ni marupurupu au ni mzigo?

Wa_Mtwapa
Wenzangu, niamueni. Mimi muuzaji, bohari letu liko Miritini, wateja wangu ni maduka kuanzia Kongowea mpaka Kilifi mjini. Natumia pikapu ya kampuni na usiku yalala kwangu, kwa sababu bohari halina nafasi na mlinzi ni mzee mmoja na rungu lake. Leo nimepewa barua: kuanzia mwezi ujao hiyo pikapu ni "marupurupu" na nitakatwa kodi. Ilinunuliwa 2,400,000 mwaka 2019. Asilimia mbili kwa mwezi ni 48,000, yaongezwa juu ya mshahara kwenye karatasi, kisha nakatwa asilimia 30 yake. Hiyo ni 14,400. Mkononi sijaongezwa hata hela ya mahamri. Na kadi ya mafuta yafungwa Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi. Sasa gari ni langu au si langu?

Magurudumu_Matatu
Ami, mimi naamka saa kumi alfajiri, tuktuk naitia mafuta ya mia tano kabla sijatia chai mdomoni. Kila lita nalipa kodi ya VAT na shilingi 25 za ushuru wa barabara, na sijawahi kuandikiwa barua ya pole. Wewe wapewa gari, wapewa mafuta, bado walia. Juzi Jumapili hapo ufuoni Pirates niliona pikapu ya kampuni, nembo mlangoni, nyuma sufuria la pilau limefungwa shuka la maua, watoto kama saba, na bi kizee kakaa kwenye kiti cha plastiki kama malkia. Ile nayo ilikuwa yapeleka bidhaa?

Kizingo_Boy
Kwani hii si ile kodi ya magari iliyokataliwa 2024? Vijana waliingia barabarani kwa sababu yake, yarudi vipi kwa mlango wa nyuma?

Hesabu_Tu
Si hiyo. Ile ya 2024 ilikuwa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, chini kabisa 5,000 na juu kabisa 100,000, na ingemhusu kila mwenye gari. Iliondolewa kwenye mswada Juni mwaka ule, na mswada wenyewe ukafa mwezi huohuo. Hii ya muanzishaji mada iko kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato tangu zamani: mwajiri akikupa gari, faida yake yahesabiwa asilimia 2 kwa mwezi ya bei ya kununulia. Isipokuwa gari la kukodi, hilo yahesabiwa gharama ya kukodi.

Wa_Mtwapa, sikiliza vizuri hapa. Sheria yasema mfanyakazi mwenye matumizi yenye mipaka akileta ushahidi, Kamishna wa kodi ampangia kiwango cha chini. Anza leo kuweka daftari la safari: tarehe, kutoka wapi, kwenda wapi, kilomita za kuanzia na za kumalizia, mteja gani. Na hiyo barua ya kufunga kadi wikendi usiitupe, ndiyo shahidi wako wa kwanza.

Shamba_la_Nyali
Hesabu_Tu, wajua mengi lakini hili umeteleza. Mimi nakumbuka pikapu ni 4,200 kwa mwezi, basi. Kuna jedwali la KRA, hao wakusanya kodi, kwa ukubwa wa injini. Saluni ndogo 3,600, ile kubwa kabisa 14,400.

Hesabu_Tu
Jedwali lipo na namba zako ni za kweli. Lakini yachukuliwa ile iliyo kubwa baina ya jedwali na asilimia mbili. 4,200 na 48,000, kubwa ni ipi?

Shamba_la_Nyali
Usinifundishe kuhesabu, nimeendesha gari la kampuni tangu wewe wavaa kaptura.

Hesabu_Tu
Na karatasi ya mshahara hukuwa waisoma tangu nikivaa kaptura.

Bi_Kongowea
Mimi sitaki kodi wala jedwali. Nataka kumuuliza huyu wa tuktuk: pilau imekukosea nini? Watu wakienda pwani na mama yao Jumapili ndiyo kashfa? Ulitaka sufuria la kilo kumi libebwe kichwani kutoka Mtwapa mpaka Pirates?

Magurudumu_Matatu
Dadangu, pilau sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni nembo mlangoni. Mimi nikiwabeba watu wanne badala ya watatu nasimamishwa hapo Nyali Bridge. Pikapu yabeba ukoo mzima nyuma, askari apunga mkono.

Kizingo_Boy
Bima ya gari la mizigo haimlipi bi kizee kwenye kiti cha plastiki. Hilo ndilo la kujadiliwa hapa.

Bi_Kongowea
Wewe wa Kizingo ambaye pilau yaletwa kwa simu, nyamaza kidogo.

Kizingo_Boy
Yaletwa na pikipiki iliyolipiwa bima.

Wa_Mtwapa
Jamani, suali langu. Gari la 2019, nyekundu imekuwa waridi kwa jua na chumvi, mlango wa abiria wafunguka kwa nje tu. Ukiliuza leo hulipati hata milioni moja. Lakini kodi yahesabiwa kana kwamba lilitoka dukani jana. Miezi hamsini ya asilimia mbili ni bei yote. Wa hamsini na moja waniuzia nini tena?

Mzee_wa_Tudor
Hapo umesema, mwanangu. Kwenye hesabu za kampuni gari lachakaa kila mwaka, kwenye karatasi yako ya mshahara halichakai milele. Lina ujana wa mbele ya KRA tu.

Lakini tazama pia upande wa pili. Mwenzako ofisini apanda matatu mbili asubuhi na mbili jioni, nauli yatoka kwenye mshahara uliokwisha katwa kodi. Wewe walala kitandani mpaka saa moja kasoro kisha wawasha. Hiyo si kitu?

Wa_Mtwapa
Saa kumi na moja na nusu, mzee, si saa moja kasoro. Saa moja niko mlangoni mwa bohari napakia. Na njiani kurudi jioni napitia wateja wawili Shanzu.

Mzee_wa_Tudor
Basi andika hao wa Shanzu kwenye daftari kama ulivyoambiwa.

Dereva_Mstaafu
Nyote mwapigana juu ya gari, hakuna aulizaye mafuta. Meli yashusha Kipevu, pale tunapopanga foleni. Matangi yako Shimanzi, harufu twaivuta sisi. Kisha kila tarehe 14 EPRA, hao wapanga bei ya mafuta, yatangaza bei, na sisi twapunguziwa nini kulinganisha na Nairobi? Shilingi tatu na senti. Oktoba 2023 Nairobi petroli ilifika 217.36, sisi hapa juu ya 210 vilevile. Zamani tulikuwa na kiwanda cha kusafishia pale Changamwe, tangu 2013 hakisafishi.

Shamba_la_Nyali
Shilingi tatu ndiyo gharama ya bomba la kwenda Nairobi, ami. Bei nyingine ni ununuzi na kodi, na kodi ni moja nchi nzima. Ulitaka tupewe bure kwa sababu twaiona meli?

Dereva_Mstaafu
Nilitaka moshi wake pia wapelekewe kwa bomba.

Bi_Kongowea
😂😂 Huyo amewaweza.

Kizingo_Boy
Halafu, kwa ukweli wake, Mtwapa si Mombasa. Ukivuka daraja uko Kilifi. Mada ingeandikwa kwenye jamvi la kwao.

Wa_Mtwapa
Kodi yangu yakatwa Miritini, kaka. Ukiniondoa Mombasa niondoe na kwenye hiyo PAYE, kodi ya mshahara.

Magurudumu_Matatu
Wa_Mtwapa, nakuuliza kwa heshima na ujibu kwa heshima. Hiyo pikapu yako iliyogeuka waridi, mlango wa abiria haufunguki kwa ndani. Ile ya Jumapili pia ilikuwa ya rangi hiyo, na kijana mmoja alitoa mkono dirishani akafungua kwa nje. Nembo ina ngano?

Hesabu_Tu
Usijibu.

Wa_Mtwapa
Ina ngano.

Magurudumu_Matatu
Allahu Akbar.

Wa_Mtwapa
Ndiyo, ni mimi. Bi kizee ni mama yangu, ametoka hospitali wiki tatu hazijaisha na alitaka kuiona bahari. Mafuta niliyatia kwa pesa yangu, ya elfu moja, risiti ninayo. Mara moja tangu mwezi wa Ramadhani. Sasa kwa Jumapili moja nilipe 14,400 kila mwezi? Afadhali ningekodi matatu, tungekula pilau mara tatu.

Mzee_wa_Tudor
Mpe mama salamu. Afadhali amepata hewa.

Magurudumu_Matatu
Mpe salamu na mimi. Lakini kile kiti cha plastiki kifunge kamba siku nyingine, kilikuwa chateleza kwenye kona. Na kodi ulipe, sijabadilika.

Hesabu_Tu
Nilisema usijibu. Haya, hiyo Jumapili iandike vilevile ilivyo, kilomita zake na risiti yake. Daftari lisilo na Jumapili hata moja haliaminiki na mtu.

Shamba_la_Nyali
Kamishna hatasoma daftari la mtu. Sijaona aliyepunguziwa.

Hesabu_Tu
Umeona aliyepeleka?

Mapambo_na_Vyombo_Kisauni
Samahani kuingilia. Sufuria la kilo kumi, shuka la maua ya zambarau na kijani? Hilo ni langu, lilikodishwa Jumamosi lirudi Jumatatu. Sufuria lililetwa, mfuniko sijauona. Nina harusi kesho Alhamisi... astaghfirullah, leo ni Ijumaa tayari, ni kesho Jumamosi. Wa_Mtwapa, mfuniko uko wapi?

Wa_Mtwapa
Uko nyuma ya kiti cha dereva, mama, sikuuona mpaka jana. Ningekuletea usiku huu. Lakini mshale wa mafuta uko chini kabisa na kadi imefungwa saa kumi na moja.

Magurudumu_Matatu
Niko Bamburi. Mia nne kwenda na kurudi, nitauchukua. Na hiyo pia uandike kwenye daftari.